Mashine ya Kumsemea Dalali

Isiolo, 14 Januari 2018

Abaayo Istar,

Assalamu aleikum.

Natangaza kwa heshima zote, mbele ya ukoo mzima, majirani wa Bula Pesa na punda wao, kwamba leo mimi kaka yako Abdinur nimeandika jina langu kwa mashine, kwa kidole kimoja, na hakuna mtu aliyeumia. Walioshuhudia ni Hezekiah mwenye duka, na nzi. Nzi aliondoka kabla ya herufi ya mwisho.

Sisi hatujambo. Fahmo mke wangu anasema kwenye ile picha uliyotutumia umekonda, eti huko Kakuma wanakulisha chaki. Mvua bado. Ng'ombe aliyebaki anatoa maziwa kama anayetufanyia hisani.

Najua utauliza kwa nini nakuandikia na simu ipo. Simu ni nzima, abaayo, dada yangu. Asiye mzima ni mimi. Ule ukwaruzo wa koo niliokuambia ni vumbi la sokoni, daktari wa Nairobi amekataa kuuita vumbi. Ni uvimbe, na ni ule mbaya. Anataka kuondoa kisanduku chote cha sauti. Nitapumua kwa tundu hapa shingoni, na nikiwahi nitaishi, inshallah, lakini sitasema tena. Nikamwambia, daktari, mimi ni dalali wa mifugo, nimelea watoto kwa mdomo huu. Akaniambia, "Mzee, mdomo tutakuachia."

Basi nimekata shauri la mtu mwerevu. Nasikia kuna laptop ambazo ukiziandikia maneno zinayasema kwa sauti. Nikipata moja ndogo ya kubeba sokoni, yenye mbio za kumjibu mnunuzi kabla hajanipa mgongo, na bei isiyonivua nguo, nitaenda kukatwa. Nisipoipata, tutaona.

Hezekiah anauza zile zilizotumika ng'ambo, mwenyewe anaziita eksi-yuke. Ya kwanza aliyonipa kujaribu ni pana, ungeweza kuanika nyama juu yake. Niliibeba kutoka dukani hadi msikitini, bega likashuka kama nimebeba betri ya lori. Nikaiwasha, nikaingia kuswali, nikatoka, nikaikuta bado inazungusha kile kiduara. Nimemrudishia mwenyewe. Ndiyo hii ninayoandikia sasa, hapa dukani kwake, nimeipakata, na imenichoma mapaja.

Wewe ni mwalimu. Nishauri.

Kaka yako ambaye bado ana sauti, hata kama ni ya chura,
Abdinur


Kakuma, 6 Februari 2018

Aboowe Abdinur,

Wa aleikum salaam. Mnara wetu wa mtandao ulikufa tangu katikati ya Januari, kwa hivyo barua yako nimeipata jana. Nimeisoma darasani nikiwa nimewapa wanafunzi insha, na nikawaongezea muda ili niisome tena.

Mwambie Fahmo chaki si mbaya ukiongeza chumvi. Joto ni lile lile. Darasa langu limejaa mpaka wengine wanasomea dirishani, na hao wa dirishani ndio wanaonyoosha mikono.

Aboowe, umeniandikia uzito wa mashine. Tarehe ya hospitali sikuiona hata kwa mstari mmoja. Je, hukupewa, au iliteleza kwenye kidole?

Ushauri umeuomba, basi uchukue. Kipakatalishi (ndilo jina lake, usinung'unike) cha kazi yako kiwe chepesi cha kubebwa kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili ni wa fimbo. Usichukue chenye ile diski ya zamani inayozunguka ndani. Ng'ombe mmoja akikupiga kumbo, imekwisha. Mwulize Hezekiah zile ambazo hazina kinachozunguka, ndizo zinazoamka upesi. Na betri usimwamini muuzaji, ipime mwenyewe: iwashe asubuhi, iache isome mpaka izime. Muuzaji wa laptop kuukuu hana tofauti na ninyi madalali mnaowanywesha ng'ombe maji asubuhi ya mnada ili waonekane wameshiba.

Lakini umepanga mambo kichwa chini, miguu juu. Kwanza koo, halafu mashine. Mashine itakungojea dukani. Hicho kitu kilicho shingoni hakingoji.

Niandikie tarehe.

Istar


Isiolo, 11 Machi 2018

Kwa mwalimu mkuu wa Kakuma na viunga vyake,

Salaam. Mvua imeanza, alhamdulillahi, na paa la jiko limetufahamisha mahali pote linapovuja. Fahmo ana mafua. Ng'ombe ameacha kiburi.

Kuhusu hicho kipakatalishi chako: jina ni zito kuliko mashine yenyewe. Nitaendelea na laptop.

Na nimeipata. Nyeusi, haizidi sinia ya chai. Fahmo aliipeleka buchani kwa jirani wakaiweka kwenye mizani ya nyama: kilo moja na mnofu kidogo. Mwanambuzi wa jana anaishinda. Ukifunua kifuniko, imeamka, kama askari aliyekutwa amelala. Betri niliipima ulivyosema. Nikaiacha imsomee Fahmo magazeti tangu chai ya asubuhi, ikakata roho baada ya adhuhuri, na kufikia adhuhuri mnada wetu huwa umekwisha. Inatosha.

Nisikifiche kilema chake, nisije nikaitwa dalali. Vitufe ni vidogo na kidole changu ni cha kamba ya ng'ombe, kinagonga herufi tatu kwa mpigo. Juani skrini haionekani, inabidi nijifunike shuka kichwani kama wale wapiga picha wa zamani. Sauti yake ni ndogo, nimeinunulia spika ya kutundika shingoni. Na Kiswahili chake, Mungu atusamehe, ni cha mzungu wa misheni mwenye mafua. Kisomali na Kiborana haijui hata salamu. Lakini bei! Hezekiah alianzia mbuzi watano, tukamalizana kwa watatu na masimango. Katika maisha yangu ya soko sijanunua mnyama mzima hivi kwa bei kama hiyo.

Jaribio la kwanza lilikuwa hapa nyumbani. Nikaandika, "Fahmo, chai iko wapi?" nikabonyeza. Akatoka jikoni ameshika mwiko.

"Huyo mwanamume ndani ya nyumba yangu ni nani?"

Nikaandika, "Ni mume wako wa pili. Hana gharama, hali."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akarudi jikoni, na hiyo chai sikuiona kwa muda mrefu sana.

Haya, tarehe: 9 Aprili. Usiseme sikukuambia. Siku ya mnada kabla ya safari nitaipeleka sokoni ifanye mtihani wake. Bei hainipi wasiwasi, wajua sisi bei hatuitamki, tunashikana vidole chini ya shuka na aliye kando haambulii kitu. Kinachotaka sauti ni hayo mengine yote.

Abdinur


Kakuma, 25 Machi 2018

Aboowe,

Tisa Aprili. Nimeiandika ukutani kwa chaki, ile ninayokula.

Alhamdulillahi kwa mashine. Umeichagua vizuri, na nakiri kwa uchungu kwamba umenishinda kwenye bei.

Nimeomba ruhusa nije Nairobi. Sikuipata, na hiyo ni habari ndefu, tuiache. Fahmo atakuwa nawe, na Fahmo mmoja ni sawa na dada watatu.

Nina ombi moja. Kabla ya siku hiyo, jirekodi kwenye simu unitumie. Chochote. Hata yale matusi unayowatukana madalali wenzako. Hata kuniita tu.

Allah akutangulie.

Istar


Isiolo, 24 Aprili 2018

Abaayo,

Salaam nyingi kama mvua, na mvua usiiulize. Mto Ewaso Nyiro umefurika, barabara ya Gotu imekatika, na paa la jiko sasa ni jina tu.

Habari ya hospitali ni fupi. Tulifika siku ile, tukakaa foleni, vitanda vikajaa. Wameturudisha nyumbani, eti watatuita. Hayo yameisha. Nikupe ya mashine.

Mnada wa kabla ya safari niliifunga kifuani kwa mkanda, kama muuza sigara wa stendi. Asubuhi ilikuwa sherehe. Madalali walikuwa wanakuja kunisalimia ili tu nijibu. Mmoja akauliza, "Abdinur, umekuwa mzungu tangu lini?" Nikaandika, "Tangu ulipokuwa mwizi." Mashine ikalisema hilo taratibu, bila hasira yoyote, kama inasoma hali ya hewa, na watu wakaanguka kwa kicheko. Shida ni kwamba nilipomaliza kuandika utani wa pili, walikuwa wamehamia habari nyingine. Laptop ina mbio. Kidole hakina.

Halafu akaja Tadicha. Unamkumbuka, wa Gotu, ambaye marehemu baba yake na marehemu baba yetu walikuwa wakigawana kisima. Alileta maksai wanne, wazuri, wamenona kwa majani mapya. Mnunuzi alikuwa mzee Robow mwenye malori, ambaye hununua kupitia mkono wangu tangu nikiwa na nywele. Tukaingiza mikono chini ya shuka, vidole vikazungumza, bei ikakubalika. Ikabaki kudhaminiana. Kwa huu wizi wa mifugo, hakuna mtu Isiolo anayenunua ng'ombe mpaka dalali asimame mbele ya watu aseme: huyu namjua, boma lake nalijua, mnyama ni wake. Ikija kuwa uongo, ni dalali anayetafutwa, na ndugu zake, na wewe ukiwemo.

Nikaandika. Mashine ikasema yote, neno kwa neno.

Robow akaitazama, kisha akanitazama.

"Nani amesema?"

Nikajigusa kifua.

"Hapana. Mimi nimesikia sanduku. Sanduku halina ukoo, Abdinur. Likisema uongo nitamshika nani?"

Nikaandika, nikabonyeza. "Ni mimi," mashine ikasema. Watu wakacheka. Robow hakucheka. Aliinama, akaweka sikio karibu kabisa na mdomo wangu, kwa adabu, kama mtu anayesikiliza wasia. Nikajaribu kwa koo langu mwenyewe, ambalo siku hizo lilikuwa limebaki na mnong'ono tu. Mbuzi wanalia, lori linanguruma. Nilijaribu tena. Akainuka akitikisa kichwa.

"Wallahi sisikii kitu, ndugu yangu. Nisamehe."

Akaniweka mkono begani, akaenda kwa dalali mwingine, aliyekuwa na ng'ombe wabaya.

Tadicha aliwarudisha maksai wake Gotu kwa miguu, mto ukiwa bado haujafunga njia. Hakunilaumu. Ningeshukuru angenilaumu.

Basi tathmini yangu ni hii. Kubebeka: nzuri. Mbio: nzuri. Bei: nzuri mno. Haifai.

Abdinur


Kakuma, 10 Juni 2018

Aboowe,

Ramadhani inatuaga. Hapa tunafuturu kwa maji ya uvuguvugu na tende za msaada, na tunashukuru. Mwanafunzi wangu mmoja wa dirishani amekuwa wa kwanza darasani, amepewa kiti, na sasa anasinzia kama wengine.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza nilikuwa natukana. Nimengoja mwezi mtukufu unifunge mdomo, nao umeshindwa.

Mgonjwa wa uvimbe kama huo anasafiri kutoka Isiolo, anafika siku aliyopewa, halafu anaambiwa vitanda vimejaa? Na tangu Aprili hakuna aliyewaita? Mzee Robow simlaumu. Soko lina sheria zake. Lakini hospitali hii sitaiacha. Nimeanza barua kwa mkuu wake. Nataka kujua muuguzi aliyekuwa zamu siku ile, yule aliyewarudisha, mwanamke au mwanamume, na alivyosema. Nitamtaja. Mtu kama huyo hafai kukaa kwenye mlango wa wagonjwa.

Nikimuuliza Fahmo, analia na kukata simu. Kwa hivyo nakuuliza wewe.

Sauti niliyokuomba hukutuma. Sikuulizi tena.

Nikikosa jibu lako, barua itaondoka hivyo ilivyo.

Istar


Isiolo, 26 Agosti 2018

Abaayo Istar,

Assalamu aleikum, na Idd mubarak iliyochelewa. Tulichinja kondoo wa jirani kwa ushirika. Ndiyo Idd ya kwanza tangu nipate akili ambayo sikuuza hata mbuzi mmoja, na msimu wenyewe ndio huu ambao dalali hata bubu angeuza. Fahmo hajambo. Paa la jiko tumelibadilisha. Mvua zimeisha na njia ya Gotu imefunguka.

Naandika polepole, nikipumzika. Unisamehe vidole.

Tulirudi Nairobi Julai. Hawakutuita, Fahmo ndiye aliyenibeba kwa nguvu. Daktari ni yule yule. Alitazama picha, akavua miwani, akaivaa tena. Uvimbe umeshuka kifuani. Kukata hakuna faida sasa. Ametupa dawa ya maumivu, ya maji, chungu kama shubiri, na akamfundisha Fahmo namna ya kunilisha kwa mrija. Aliongea na Fahmo, si nami. Sauti imekwenda yote, haikuhitaji kisu.

Mashine iko hapa kifuani pangu. Hapo sina budi kuisifu. Mwili wangu umekuwa mwepesi na bado hainilemei. Naiandikia nikiwa nimelala. Naomba maji nayo, naomba mto ugeuzwe. Fahmo amezoea yule mzungu wake, siku hizi humjibu hata akiwa jikoni.

Sasa usome pole pole haya yafuatayo, na usimsomee mtu.

Tarehe tisa Aprili vitanda havikujaa.

Tulifika mapema. Kulikuwa na benchi refu kwenye korido, watu wamekaa na bahasha zao za picha. Palikuwa pametulia. Nilikuwa nimenyimwa chakula na maji kwa ajili ya kisu, lakini Fahmo alikuwa hajala tangu Isiolo, nikamwonyesha kwa mkono aende akanywe chai. Alikataa, nikamsukuma. Akaenda. Ile laptop ilikuwa mapajani mwangu, imefungwa. Nilikuwa nawaza maksai wa Tadicha wakiondoka sokoni, na mkono wa Robow begani mwangu. Nilikuwa najiona nimekaa nyumbani na tundu shingoni, watu wanakuja kuniangalia, wananipigia kelele kana kwamba nimekuwa kiziwi pia.

Muuguzi akatoka. Mwanamke, mnene kidogo, ana sauti ya upole. Akaita jina langu. Nikamsikia vizuri. Akaliita tena, akaangalia huku na huku, na macho yake yakanipita. Akaliita mara ya tatu pamoja na jina la baba yetu.

Koo langu lilikuwa limeharibika, lakini halikuwa limekufa. Mahali palipotulia kama pale, mtu wa karibu alikuwa ananisikia. Na hata nisingeweza kusema, mkono nilikuwa nao wa kuinua, na mashine nilikuwa nayo ya kufungua.

Yule muuguzi hakuridhika. Alishuka korido nzima akiuliza mmoja mmoja. Alipofika kwangu aliinama, akaniwekea mkono gotini.

"Mzee, wewe ndiwe Abdinur?"

Nikamjibu, abaayo. Si kwa mashine. Nilimjibu kwa sauti yangu mwenyewe, na aliisikia.

"Hapana," nilisema.

Akasema, "Haya, mzee wangu, pole kwa kungoja," akamwita aliyefuata. Alikuwa mama mmoja wa Meru, aliinuka haraka mpaka akaangusha bahasha yake, nami nikamwokotea. Fahmo aliporudi nilimwandikia kwenye mashine kwamba vitanda vimejaa. Mashine ikamwambia, naye akaamini. Alikuja kujua Julai, mbele ya daktari.

Kama barua yako kwa mkuu wa hospitali haijaondoka, ichane. Kama imeondoka, waandikie nyingine leo hii. Yule mwanamke aliniuliza vizuri.

Abdinur